Saumu Isiyoulizwa

Mwenzangu wa ghalani alikuwa na namna moja tu ya kuandamana. Siku moja kila mwaka, mwezi wa Machi, aliacha chakula na maji kuanzia alfajiri hadi alfajiri ya siku ya pili. Hakubeba bango, hakuandika chochote kwenye simu, hakumwita mtu. Alikuja kazini, akaendesha foklifti yake, na saa ya chakula cha mchana akaketi nasi mezani bila sahani, akasubiri.

Alichokuwa akisubiri ni swali. Katika kantini ya wafanyakazi, mtu anayeketi mbele ya wenzake bila kula haachwi hivi hivi. Lazima mmoja aseme, "Vipi leo, unaumwa?" Hapo naye alipata nafasi ya kujibu kwamba haumwi, kwamba leo ni siku ambayo watu wake kule Tibet walisimama kupinga kutawaliwa na China wakapigwa risasi, na kwamba anafunga kwa ajili yao. Basi. Wengine walitikisa kichwa, wengine waliuliza Tibet ni wapi. Mmoja aliwahi kumjibu kwamba hiyo ni sehemu ya China na kwamba mambo ya watu yaachwe. Hata huyo alimshukuru. Aliniambia baadaye kuwa mtu anayekubishia angalau amekusikia.

Mimi ni mtunza stoo wa ghala hilo, lililoko Al Qusais, Dubai, na mali yetu ni vyombo vya jikoni vya mahoteli: majiko, mafriji, meza za chuma. Karibu yote hutoka China. Niliacha shule kidato cha pili, na niliyoyajua baada ya hapo nimeyasoma mwenyewe, mengi ndani ya metro. Nina tabia ya kutaka kujua mpaka wa jambo kabla sijasema lolote juu yake. Kwa hiyo nilipomzoea mtu huyu, nilisoma habari za kwao, kisha nikasoma sheria za hapa. Mkusanyiko unataka kibali. Bango ni hatari, na maneno ya kwenye simu ni hatari zaidi. Lakini mtu mmoja asiyekula si mkusanyiko, na mtu anayejibu swali aliloulizwa hajachapisha kitu. Niliona kwamba ameikuta nafasi ndogo kabisa ambayo mtu wa hali yake angeweza kusimama, naye amesimama hapo hapo bila kuzidisha hatua.

Sikukubaliana naye katika jambo lenyewe, na yafaa niseme hivyo wazi. Yeye alizaliwa kusini mwa India, katika makazi ya wakimbizi, na wazazi wake walivushwa milima wakiwa watoto. Alitaka Tibet iwe nchi kamili, yenye mpaka na pasipoti. Wazee wake wengi walikwisha kuridhia kitu pungufu ya hicho, yaani wabaki ndani ya China ila wajitawale katika dini, lugha na shule zao. Serikali ya China haitofautishi. Kwake wote hao wanataka kuigawa nchi. Mimi nilikuwa upande wa wazee. Nilimwambia kwamba nchi zinazopasuka huwaumiza kwanza wale wale waliotaka zipasuke. Naye alinijibu kwamba ni rahisi kusema hivyo ukiwa na pasipoti mfukoni. Yeye alisafiri kwa cheti cha utambulisho alichopewa na India, na kila afisa wa uwanja wa ndege alikigeuza mbele na nyuma kama noti ya bandia. Tulibishana hivyo miezi na miezi, tukiwa tumeshika vyuma vya metro, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Kampuni ilipofunga nyumba yake ya wafanyakazi na kuanza kutulipa posho ya malazi, nilimleta Al Nahda, kwenye fleti tunayoishi watu wa Pwani ya Kenya na Mganda mmoja. Mkubwa wa fleti ile ni mzee wa Mombasa anayeuza manukato na udi. Jina lililo kwenye mkataba wa pango ni lake, na sote tunamwita Ami. Ndiye anayetusalisha, ndiye anayegharimia futari, ndiye anayepatanisha watu wakigombania zamu ya bafu. Siku ya kwanza vijana walimwita mgeni wangu "Mchina."

"Si Mchina," nikasema.

"Kwani uso ule ni wa wapi, Malindi?"

"Muacheni," Ami akasema. "Huyu ni Mpate. Kule kisiwani Pate wako wenye macho haya tangu enzi za mababu. Karibu, mwanangu."

Walicheka, akacheka naye bila kujua wanachochekea, lakini jina la Mchina halikumtoka. Nilimpinga kila aliyelitumia, na kila mara niliambiwa nina kisirani. Fikiria mtu ambaye maisha yake yote ni kusema kwamba yeye si Mchina, halafu anaamshwa kila asubuhi kwa, "Mchina, bafu liko wazi." Aliitikia kwa upole. Nami nilikasirika kwa niaba yake, jambo lisilo na faida kwa mtu yeyote.

Mwaka nilioukusudia kuuandika, siku yake iliangukia ndani ya Ramadhani. Nilikuwa nimeliona hilo mapema kwenye kalenda, nikamwonya.

"Hutaonekana," nikamwambia. "Nusu ya ghala itakuwa haili."

"Nusu nyingine itakula. Nitaketi na hao."

"Na jioni?"

"Jioni nitakuwa chumbani. Wewe utajua, inatosha." Kisha akafikiri kidogo. "Hapana, haitoshi. Wewe unajua kila mwaka. Nataka mmoja mwingine ajue. Mmoja tu."

Hilo ndilo alilolitaka. Sijapata kusikia mtu akiomba kidogo kuliko hivyo.

Siku yenyewe ilipofika, msimamizi wetu, Mwislamu wa Kerala, alipita kwenye foklifti akamwona ana midomo mikavu. "Mashallah, nawe umefunga?" Akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Mwenzangu alifungua kinywa kueleza, lakini msimamizi alikwisha kwenda zake, akimwita mtu mwingine kwa "yalla, yalla." Saa ya mchana alikwenda kantini, upande uliozibwa kwa pazia kwa ajili ya wasiofunga. Aliketi mbele ya Wafilipino na Wanepali, mikono mezani. Nilimsubiri nje.

"Wameuliza?"

"Hapana." Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa umechoka. "Wamedhani nafunga na nyinyi. Mmoja amehamisha sahani yake pembeni, akaniomba radhi kwa kula mbele yangu."

Mlinzi wa lango la ghala ni yule Mganda tunayeishi naye. Ni Mkristo, mcheshi, na hawezi kukaa na habari mdomoni. Kabla ya Alasiri alikuwa amepeleka sauti kwenye kundi la simu la fleti: "Wakubwa, Mchina wetu kafunga leo! Nimemwona kwa macho yangu, hata maji hajagusa. Ami, andaa kofia!"

Niliisikiliza sauti hiyo katikati ya makreti, nikaandika, "Saumu yake ni ya jambo lingine, nitaeleza jioni." Chini ya maneno yangu vijana walimimina alhamdulillahi moja baada ya nyingine, na ujumbe wangu ukapanda juu ukapotea.

Tulipofungua mlango wa fleti, harufu ya iliki ilitupokea ukumbini. Ami alikuwa amefunga duka mapema. Kwenye mkeka palikuwa na kaimati, mihogo ya nazi, tambi, uji wa pilipili manga, vitu ambavyo kwa kawaida hatuvioni vyote kwa siku moja. Kando ya mahali pa Ami palikuwa na kofia ya vitobo, mpya, imekunjwa vizuri. Kila mtu alisogea kumpisha mgeni.

"Kaa hapa, mwanangu, karibu yangu."

Alinitazama. Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani tu, maneno kama chumvi, maji, polepole. Nilimweleza kwa Kiingereza chetu cha ghala, kwa sauti ya chini, kwamba wanadhani anakaribia kusilimu. Akafumba macho kidogo. Nilimuuliza kama nimpeleke chumbani. Akasema ingekuwa utovu wa adabu, akaketi.

Adhana ilipolia kwenye simu ya Ami, mzee alichukua tende, akaipasua, akatoa kokwa kwa kidole chake, akamwekea kiganjani.

"Bismillahi. Kula."

Mwenzangu aliishika. Wote walikuwa wamekwisha kutia tende zao mdomoni, wakimtazama yeye. Kwetu kuharakisha kufungua saumu ni sunna. Anayechelewesha bila sababu amekosea, na anayechelewesha alichopewa kwa mkono wa mwenyeji amekosea mara ya pili. Saumu yake yeye ilikuwa bado na usiku mzima.

"Kula, mwanangu, wakati umeingia."

"Ami," nikasema, "saumu yake si ya Ramadhani."

"Ni ya nini?"

"Ni ya diet!" Mganda akadakia. "Mkubwa anataka kiuno!" Watu wakacheka, nami nikangoja wamalize. Nilijua la kusema. Nilikuwa nimelipanga njiani, kwa ufupi, bila neno la kumchoma mtu.

"Leo ni siku ambayo kwao Tibet watu walisimama kupinga..."

"Basi," Ami akasema.

"Sijamaliza, Ami."

"Umemaliza. Khalas. Hapa pana watu na viza zao. Siasa za kutenganisha nchi ya watu hazitasemwa kwenye mkeka wangu."

"Sikuombi uunge mkono kutenganisha nchi. Hata mimi siungi mkono. Naomba mtu aruhusiwe kusema kwa nini ana njaa."

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Si hiyo hiyo. Jambo ni moja, na haki ya kulisema ni jambo la pili. Unaweza kulikataa la kwanza na kulitetea la pili."

"Msikieni mwalimu," mmoja wa vijana akasema kwa kinywa kilichojaa kaimati.

Hapo nilitumia hoja ambayo nilidhani hakuna wa kuivuka. Zamani, kabla hajaja Dubai, Ami aliandika kwa rangi kwenye mlango wa duka lake Mombasa: Pwani si Kenya. Alilala mahabusu kwa ajili ya maneno hayo matatu, na hadithi hiyo tumesimuliwa na yeye mwenyewe mara nyingi, pamoja na jina la askari na harufu ya ndoo.

"Wewe ulisema Pwani si Kenya," nikamwambia.

"Nilisema Mombasa. Sikusema Dubai."

"Haki ni haki popote."

"Haki ni kama viza, bwana. Ina nchi yake na ina tarehe ya kuisha." Hakupandisha sauti. "Kwetu nilijua nikikamatwa mama ataleta chai asubuhi, wakili atatoka msikitini. Huyu akikamatwa, nani atamletea chai? Nchi gani itampokea? Umefikiri hilo, wewe msomaji?"

Nilikuwa nimelifikiri. Nilikuwa nimelifikiri kuliko yeye, na ndiyo maana nilijua kwamba kusema sentensi tatu sebuleni, mlango umefungwa, hakuwezi kumfukuzisha mtu nchini. Lakini aliyewahi kulala kitanda cha pili chumbani kwetu aliitwa ofisini kwake siku moja, akarudi kuchukua begi, akaenda uwanja wa ndege. Hakuna aliyejua sababu. Kila mmoja wetu alijitungia sababu yake na kuacha kusema jambo linalofanana nayo. Ningekuwa na sheria ya kuwasomea ningewasomea, ila waliyoiogopa haikuwa imeandikwa mahali popote.

"Na mimi nusu ya chupa zangu zinatoka kwa Wachina," Ami akaongeza, kama mtu anayefunga hesabu. "Wananiuzia kwa mkopo. Wamenitendea wema."

Wakati wote huo mwenzangu alikuwa akigeuza uso, kutoka kwangu kwenda kwa mzee. Hakufahamu Kiswahili chetu, lakini neno China alilisikia. Aliiweka tende pembeni mwa sahani, taratibu. Kisha akaweka mkono chini ya kifua na kusema neno ambalo alilijua.

"Tumbo."

Mkeka wote ulipumua.

"Tumbo! Masikini!" "Si useme tangu mwanzo?" "Ni ile njaa ya siku ya kwanza, hajazoea." Mganda alikimbia kuleta vidonge. Kijana mmoja alimwekea mto mgongoni. Ami mwenyewe alisimama, mzee wa magoti mabovu, akaenda jikoni kukwaruza tangawizi, akarudi na kikombe kinachofuka mvuke na kukishikilia mpaka mwenzangu akakipokea. Sijawahi kuona mtu akipewa huduma ya namna ile. Ukweli ulikuwa umeketi kati yetu muda wote na hakuna aliyeunyooshea hata glasi ya maji. Uongo ulipofika ulipewa mto na tangawizi.

Aliinuka na kikombe chake, akashukuru kwa kichwa, akaenda chumbani. Nilipomfuata baada ya sala, kikombe kilikuwa juu ya kabati, kimepoa, hakijaguswa. Nilikimwaga kwenye sinki la bafu ili mzee asikione.

"Ungeniacha niseme," nikamwambia.

"Ulikuwa unasema vizuri?"

"Nilikuwa nasema sawasawa."

"Najua." Alilala chali, akitazama ubao wa kitanda cha juu. "Yule mzee alitoa kokwa kwa mkono wake. Ningemwambia nini?"

Niliudhika naye kwa jibu hilo, na bado naudhika. Mtu aliyesubiri mwaka mzima apate kusikilizwa na mmoja zaidi, aliyekuwa tayari kujibu mbele ya msimamizi na mbele ya kantini nzima, alishindwa na tende iliyotolewa kokwa. Hasira yangu haikupata pa kukaa. Nikimlaumu Ami, nakumbuka magoti yake. Nikimlaumu mwenzangu, nakumbuka cheti chake. Nikiilaumu nchi, hakuna askari aliyekuja, hakuna mlango uliogongwa; tulijinyamazisha wenyewe kwa mikono yetu, na futari ilikuwa tamu.

Kesho yake nilikutana na Ami kwenye lifti, sisi wawili tu. Niliona ni vizuri kumaliza.

"Hakuwa na tumbo," nikasema.

"Najua." Alikuwa akitazama namba za ghorofa zikishuka. "Mtu wa tumbo hakai wima vile."

"Kwa hiyo ulimwelewa."

"Nilielewa kwamba ana jambo. Jambo gani, sitaki kujua. Nikijua, itanibidi nimwambie ahame, au nikae nalo. Sasa hivi nina mgonjwa tu nyumbani, na mgonjwa namuuguza." Mlango ulifunguka. "Na wewe usiniletee tena ya Mombasa mbele ya vijana."

Ningeweza kumjibu. Nilikuwa na majibu matatu, yote mazuri, na nimeyarudia kichwani mara nyingi tangu siku hiyo. Alikwisha kutoka, akimsalimia mlinzi wa jengo.

Mwenzangu hakuambiwa ahame. Alihama mwenyewe baada ya Idi, kampuni ilipotafuta dereva wa ghala lake la pili, Dubai Investments Park, ambako bado kuna nyumba za wafanyakazi. Siku ya kuondoka wote walimsindikiza hadi chini. Ami alimtia ile kofia ndani ya begi na kichupa cha udi, akamwambia mlango uko wazi. Nilimuuliza pembeni kama amechukia.

"Hapana. Hapa mnanipenda sana," akasema. "Ninakokwenda hawanijui. Wataniuliza."

Mwaka uliofuata siku yake iliangukia tena ndani ya Ramadhani. Nilimpigia jioni. Hakuna aliyemuuliza. Msimamizi mpya alikuwa amempa mapumziko ya saa moja kwa ajili ya saumu, na wenzake walimgongea mlango kumpa juisi. Nilikuwa nimekwisha kufanya hesabu ya miandamo ya mwezi, nikamwambia kwamba Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, na kwamba mwaka ujao, hesabu zangu zikiwa sawa, siku yake itakutana na Idi. Siku ya Idi kufunga ni haramu kwetu. Nyumba zote zitakuwa na pilau, na hakuna Mwislamu atakayemwona haili akadhani yuko pamoja naye. Lazima aulizwe.

"Siku hiyo," akasema, "watanilisha kwa nguvu."

Alicheka, nami sikucheka. Nilikuwa nimesimama kwenye kibaraza cha fleti, nguo za watu zimeanikwa mbele ya uso wangu, nikijaribu kukubali kwamba mtu mzima katika mji huu hupanga kwa kuangalia mwezi ni lini ataulizwa kwa nini hali chakula. Nilimwambia avumilie, basi, ni mwaka mmoja tu.

"Viza yangu inaisha kabla ya hapo," akasema.

Yangu pia inaisha kabla ya hapo. Sikumwambia.